Mkingaji wa Kushoto

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuangalia mpira.

Nilikuwa nimekaa ndani ya duka letu la kutengeneza simu pale Chikongola, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, naangalia mechi ya mdogo wangu iliyochezwa Marekani. Timu yake ilifunga. Mtu mmoja alirusha mpira mbali sana, mwingine akaudaka huku anakimbia, uwanja mzima ukasimama. Nikamwandikia papo hapo: "Safi sana dogo, leo umeua." Baadaye akanijibu kwa sauti, anacheka mpaka anakohoa.

"Kaka, hebu rudisha nyuma. Hiyo hiyo unayonisifia. Mimi niko wapi hapo?"

Nikarudisha. Nikamtafuta. Alikuwa chali, miguu juu kama mende aliyepuliziwa dawa, na mtu aliyemwangusha alikuwa karibu kumfikia mwenye mpira. Bao lile lilipatikana kwa bahati, na mdogo wangu ndiye aliyekaribia kuliharibu. Nami nilikuwa nimemsifu hivyo hivyo miezi mingi. Timu ikifunga, pongezi. Timu ikifungwa, pole. Sikuwa nimemwangalia yeye hata mara moja.

Huyu ni mtoto wa mama mdogo wangu wa Mikindani. Alikuwa mrefu tangu akiwa shule ya msingi, mrefu wa kuchekwa, na urefu huo ndio uliomchukua. Shule moja ya Marekani ilimsomesha kwa ajili ya mpira wa kikapu. Huko akanenepa, akapanda kilo juu ya kilo, na alipofika chuo kikuu kocha wa mchezo mwingine akamwona akipita akasema huyu ni wangu.

Mchezo wenyewe ni ule mpira wao wa Marekani, unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu. Yupo mtu mmoja anayerusha. Mbele yake wanajipanga wanaume watano wanene, na kazi yao ni kumkinga mrushaji asiguswe. Hawa watano hawafungi, hawaimbwi na mtu. Mdogo wangu ni wa mwisho upande wa kushoto. Warushaji wengi hutumia mkono wa kulia, na wakijiandaa kurusha wanaupa mgongo upande wa kushoto. Anayevamia kutoka huko hawamwoni anakuja. Ndiyo maana mkingaji wa kushoto anatafutwa sana, na ndiyo maana akikosea, mwenzake anavunjika.

Haya yote nilijifunza mwenyewe. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo nilikuwa nasimamisha video kila sentensi, naandika neno, nalitafuta. Mimi ni mtu ambaye nikishafunga skrubu za simu nazifungua tena kuhakikisha hakuna niliyoizidisha nguvu. Mteja anasubiri, ananiambia basi inatosha, na mimi nachukua bisibisi tena kwa sababu najua haitoshi. Nilijifunza mchezo ule kwa ugonjwa huo huo. Nilikata kipande kidogo cha karatasi nyeusi nikawa nakibandika kwenye kioo cha simu, juu ya mahali mpira ulipo, ili nisiuone. Baada ya muda sikuhitaji karatasi. Nikawa naangalia miguu yake, kisha kiuno, kisha mikono. Nikawa namtumia maelezo marefu kuliko aliyoyaomba, na yeye akaanza kunipigia kabla ya kuongea na kocha wake. Sikumwambia kwamba kila simu yake ilinifanya nikose hamu ya kula.

Mwisho wa Desemba, korosho zikiwa bado zinamiminika bandarini na malori yamepanga foleni barabarani, alinipigia. Hakucheka.

"Kaka, nina mpaka katikati ya Januari."

"Ya nini?"

"Kuamua. Kule kwenye klabu za kulipwa wanateua wachezaji wa vyuo mara moja kwa mwaka. Nikisema naingia kwenye uteuzi, chuo basi, siwezi kurudi kucheza. Wasiponiteua, nimekosa huku na huku. Kuna mtu anataka kuwa wakala wangu, ananiambia niingie sasa. Kocha ananiambia nibaki mwaka mmoja. Wote wawili wana faida yao. Wewe huna."

"Mimi ni fundi simu, dogo."

"Wewe hujawahi kunidanganya. Nipime kama hunijui. Niangalie kama vile mimi ni mtoto wa mtu mwingine kabisa, halafu niambie niko tayari au siko tayari."

Nikamwambia sawa.

Wiki ile niliangalia mechi zake zote za msimu. Nilikuwa nafika dukani alfajiri, nafungua mlango nusu, naangalia mpaka fundi mwenzangu anapofika. Yeye ni Mmakonde wa Newala, mtu wa utani, na kila siku alinikuta nimeinamia simu.

"Nyie watu wa Mikindani," anasema, "mnakesha mnaangalia makalio ya wanaume."

"Naangalia miguu."

"Afadhali ungesema makalio."

Mazuri yake yalikuwa mengi na yaliandikika. Mikono mirefu na mizito. Miguu myepesi kuliko ya watu wa uzito wake, kwa sababu ya kikapu. Akimshika mtu kifuani, mtu huyo hatoki. Akianguka anaamka haraka. Lakini kulikuwa na kasoro moja, na kila mtu aliyewahi kuandika juu yake mtandaoni aliitaja. Mvamizi akisimama mbali, pembeni kabisa kushoto, mdogo wangu alikuwa anafungua ubavu mapema. Anageuka mwili mzima kumfuata nje, na mvamizi mwerevu anakata ndani, anapita kama mtu anayepita mlango ulioachwa wazi. Wote walimalizia kwa neno moja: anaogopa kasi.

Hilo sikulikubali. Nilikua naye. Anaogopa vyura na anaogopa mama yake, kasi haogopi. Nikaendelea kutafuta sababu, na nikaona kitu ambacho hawakukiandika. Kabla kiuno hakijageuka, kichwa kilikuwa kimeshakwenda kushoto.

Nikafurahi. Nilidhani nimeipata.

Kabla hajaondoka nchini, msimu mmoja wa korosho, tulikwenda mimi na yeye kubeba magunia kwenye ghala karibu na bandari. Mimi nilitoroka siku ya kwanza kabla ya adhuhuri. Yeye alimaliza msimu. Aliyewahi kubeba gunia pale anajua namna yake: wawili wanalinyanyua, wewe unaingia chini, unalipokea kwa bega la kulia, na kichwa kinasukumwa kulalia kushoto. Unatembea hivyo siku nzima. Hata wakirudi nyumbani utawatambua wapagazi barabarani, shingo imekwenda upande mmoja kama vile wanasikiliza kitu. Nikajiambia, ndicho hiki. Mwili wake bado unabeba gunia. Wamarekani watalijuaje hilo? Ni mimi tu ninayeweza kuliona, mimi niliyelala kitanda kimoja na huyu mtu.

Nilifurahia kuwa mimi tu. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo sehemu ambayo hunijia mpaka leo nikiwa nimeshika bisibisi.

Nikampigia, nikamweleza yote, na mifano, na dakika za kila mechi.

Kisha akapasuka kwa kicheko. "Gunia! Wallahi kaka, ni gunia! Umenimaliza. Mpaka huku Marekani gunia limenifuata!"

"Nadhani hivyo."

"Siyo unadhani, ndivyo! Basi hicho ni kitu cha mazoezi tu, si ndiyo? Mazoea yanaondoka. Wiki mbili, tatu, nimenyoosha shingo. Kaka, umeniokoa. Naingia."

"Subiri kidogo, ngoja nihakiki."

"Uhakiki nini tena? Nakwenda kumwambia yule wakala. Mwambie mama aniombee."

Nikakaa na simu mkononi. Nilitakiwa nifurahi. Lakini nilikua naye, na najua akikubali kitu mara moja bila ubishi. Alikuwa anafanya hivyo tukiwa madrasa, mwalimu akimtuhumu kwa kosa dogo alilofanya mwingine. "Ndiyo maalim, ni mimi." Anachapwa kwa dogo, kubwa lake halijulikani.

Asubuhi yake nikarudi kwenye video, safari hii nikitafuta ushahidi wa kuvunja hoja yangu mwenyewe. Kama ni gunia, shingo ingelala kila wakati. Nikamwangalia akiwa amesimama na wenzake wimbo wao wa taifa ukipigwa. Shingo imenyooka kama mlingoti. Nikamwangalia akikimbia mbele kusukuma watu. Imenyooka. Akinywa maji, akiongea na kocha, imenyooka. Kichwa kilikwenda kushoto wakati mmoja tu, mvamizi anapokaa mbali. Wala hakikulala. Kiligeuka, kidevu kikafika begani, na wenzake wanne wakati huohuo walikuwa wanatazama mbele, wanaona pembeni kwa pembe ya jicho tu.

Basi gunia halikuwepo. Na mimi ndiye niliyempa hilo gunia, naye sasa alikuwa anaingia nalo kwenye uteuzi.

Nikajaribu kumpigia, hakupokea. Siku nzima nilitengeneza simu moja tu, na hiyo ilirudi. Alasiri nikamwambia fundi mwenzangu tutoke uani.

"Kufanya nini?"

"Mimi nasimama hapa. Wewe unasimama kule pembeni, karibu na ndoo. Nikisema haya, unakimbilia kile kiti nyuma yangu. Mimi nakuzuia."

Akanitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa. Kisha akavua viatu.

Dada mshonaji wa chumba cha pili akasimamisha cherehani. "Jamani, leo simu zimewashinda mmeingia kwenye ndondi?"

"Huyu anataka nimuue mchana kweupe," fundi akamjibu. "Wewe ndiye shahidi."

Tulifanya mara kadhaa na sikujifunza kitu. Alikuwa anatoka kushoto kwangu, namwona, namzuia, anacheka. Kisha jua likashuka chini ya ukingo wa bati, likanipiga moja kwa moja kwenye jicho la kushoto. Nikalifumba. Nikasema haya.

Sikumwona. Nilisikia miguu yake, lakini upande ule hakukuwa na mtu. Kichwa changu kikageuka chenyewe kumtafuta, kidevu begani, na kichwa kilipogeuka kiuno nacho kikafuata. Fundi akaona nimefungua ubavu, akakata ndani, akanipiga kifuani, akakaa kwenye kiti.

"Goli!" akapiga kelele. "Au mnaitaje?"

Dada mshonaji alikuwa anacheka mpaka amekaa chini. Mimi nilibaki nimesimama nimefunika jicho la kushoto kwa kiganja. Nikalifungua. Nikalifunika tena. Lile kundi la watu mtandaoni waliokuwa wameandika anaogopa kasi, na mimi na ghala langu, sote tulikuwa tumeangalia kila kiungo cha yule kijana isipokuwa kimoja.

Na habari za jicho lake la kushoto mimi nilizijua. Sote nyumbani tulijua.

Alikuwa mdogo bado, hajaanza shule. Mama mdogo alikuwa anachoma korosho uani kwa karai, kama kila nyumba inavyofanya. Korosho mbichi ikipata moto inatema mafuta, na mafuta yale yanababua ngozi. Watoto wote wanaambiwa wakae upande upepo unakotoka. Upepo uligeuka. Karai likashika moto, wakubwa wakamwaga mchanga, na katika vurugu hiyo yeye akapiga ukelele mmoja akajishika uso. Walimmwagia maji, wakampeleka hospitali, akarudi na bandeji na dawa ya matone. Baadaye bandeji ikatolewa. Jicho lilikuwepo, lina alama kama tone la maziwa pembeni ya mboni. Alikuwa anakimbia, anacheza. Mama mdogo akasema amepona, alhamdulillah, na jirani wakaja kumpa hongera. Kwetu likishasemwa hivyo, hakuna anayeuliza tena. Kuuliza tena ni kama kuikataa neema. Sikumbuki hata siku moja mtu alimuuliza mwenyewe anaona kiasi gani.

Nikachukua bajaji mpaka Mikindani. Mama mdogo alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Ndugu yako amenipigia, anasema umempitisha."

"Mimi siwezi kumpitisha mtu, mama."

"Watamchukua?"

Hilo ndilo swali alilokuwa ananiuliza kila nikija. Majirani walikuwa wamekwishamtajirisha mwanawe muda mrefu. Akienda sokoni wanamwita mama Marekani, wanamuuliza ghorofa linaanza lini. Yeye alitaka tu kujua kama mtoto atapata mahali pa kusimama baada ya miaka yote ile mbali.

"Mama, lile jicho lake," nikasema.

Mkono wake haukusimama. "Jicho gani?"

"La kushoto."

"Lile lilipona."

"Najua. Nauliza tu, alikuwa..."

"Nimesema lilipona. Umekuja kutoka mjini kuniuliza jicho lililopona?"

Uoga wangu wote ukanirudia. Kuendelea ilikuwa ni kumwambia mama kwamba mwanawe aliungua kwenye karai lake na hakupona. Kuacha ilikuwa ni kumwacha mwanawe aingie. Nikatafuta njia ndogo.

"Tulipokuwa tunakula sinia moja, mimi na yeye na wengine, yeye alikuwa anakaa wapi?"

Akapepeta ungo. "Mwisho. Ukutani."

"Upande gani?"

"Ukuta uwe kushoto kwake. Akikuta mtu pale anamwondoa, mlikuwa mnagombana kila siku." Akaokota kijiwe, akakitupa. Kisha mkono ukasimama. "Nikimwendea kutoka upande ule," akasema polepole, "nilikuwa naanza kuongea kwanza. Kabla sijamgusa. La sivyo anashtuka."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Sikujua kama najua." Akaweka ungo chini. Halafu akanikazia macho, na sauti ikawa ya kawaida, ya ukali. "Wewe usimharibie. Unasikia? Amefika pale peke yake, hakubebwa na mtu. Usiende kumfukulia vitu."

"Ataumia, mama. Au ataumiza mtu."

Aliingia ndani akaniacha barazani, na hilo hajawahi kunifanyia kabla wala baada.

Dogo alinipigia mwenyewe siku iliyofuata, baada ya magharibi. Nyuma yake kulikuwa na kelele za wenzake. Alikuwa na furaha.

"Kaka, kesho kutwa natangaza."

"Nimekosea," nikamwambia.

"Umekosea nini?"

"Gunia. Si gunia."

"Hilo tulishalimaliza."

"Ukisimama pale mahali pako, yule anayekaa mbali kabisa kushoto, unamwona?"

"Namwona."

"Bila kugeuza kichwa?"

Nilisikia kelele zinapungua, kisha mlango ukafungwa. Alikuwa ametoka nje.

"Nani kakwambia? Mama?"

"Jua."

"Jua gani?"

Nikamsimulia uani kwetu, fundi wa Newala, kiti, dada mshonaji anacheka. Akacheka naye, kidogo, si kile kicheko chake.

"Wamenipima macho huku," akasema. "Wanajua kuna kovu, si siri. Ila ile kusoma herufi ukutani, aliyenitangulia anasoma kwa sauti, na mimi nina masikio mazuri. Hawajui ukubwa wake. Hata mimi, kaka, sijui ukubwa wake. Sijawahi kufunika la kulia nikabaki na hili peke yake. Tangu mtoto. Naogopa."

"Funika sasa."

"Kaka."

"Funika. Niko hapa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya kazi, nimeukamata ukingo wake.

"Naona taa," akasema. "Naona gari, kama gari. Lina sabuni sabuni. Pembeni hakuna kitu." Akavuta pumzi. "Sasa unanishauri nini, mtaalamu? Maana jana ilikuwa gunia."

Ilikuwa haki yake kunipiga na hilo.

"Kulia," nikamwambia. "Usikinge kushoto, kinga kulia. Huko mvamizi atakuja upande wa jicho zima. Miguu unayo, mikono unayo. Lakini hujawahi kucheza kulia, unahitaji mwaka, na huwezi kuomba kuhamishwa bila kusema kwa nini."

"Unajua kucheza kulia ni nini? Kila kitu kinageuka. Ni kama unaniambia niandike kwa mkono mwingine. Na nikisema jicho, wakanitoa kabisa?"

"Sijui."

"Na nikibaki mwaka huo nikavunjika goti?"

"Sijui."

"Kaka, unajua nini basi?"

Kama angeniuliza wiki moja kabla, ningempa kurasa. "Najua unageuka kwa sababu humwoni," nikasema. "Na najua kabla ya uteuzi madaktari wa klabu wanapima kila kitu. Mengine sijui. Nilikwambia gunia kama mtu mwenye uhakika, na sikuwa nao. Nilipenda tu lilivyokaa."

Akakata simu.

Kesho kutwa ikafika. Nilifungua mtandao mara nyingi kuliko nilivyofungua simu za watu. Mvua ilinyesha, umeme ukakatika, fundi mwenzangu akaniambia nikiendelea kukodolea kile kioo nitakitoboa. Hakukuwa na tangazo lake. Nikadhani amechelewa. Siku iliyofuata hakukuwa na tangazo. Nikadhani ameamua kunificha. Nilimwandikia ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine nikaufuta. Mama mdogo hakunipigia, na mimi sikuthubutu kumpigia. Niliona picha ya mrushaji wa timu yao, kijana mwembamba mwenye tabasamu, nikafikiria mgongo wake. Kisha nikamfikiria mdogo wangu amekaa bila kuteuliwa, bila chuo, kwa sababu ya maneno ya fundi simu aliyekwishakosea mara moja. Yote mawili yaliwezekana, na sikuwa na video ya kuniambia lipi.

Mwisho wa kutangaza ulipita. Asubuhi yake nilikuta sauti yake kwenye simu.

"Nimekwenda kwa kocha. Nimemwambia mwenyewe. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza, umecheza misimu yote hii hivyo? Nikamwambia ndiyo. Akaanza kutukana, lakini si mimi, nadhani anatukana wale walionipima. Wamenipeleka kwa daktari wa macho. La kushoto linaona kidogo kuliko nilivyodhani. La kulia liko sawa. Nimeruhusiwa kucheza. Nabaki mwaka. Yule wakala hapokei simu zangu. Na mama nimemwambia. Amelia, halafu ameniuliza kama nakula."

Mwishoni akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa mlangoni: "Bado nimekukasirikia. Ila usiache kuniangalia."

Mwanzo wa kukinga kulia ulikuwa mbaya. Alitumiwa video za mazoezi akanitumia, na alikuwa anatanguliza mguu usiotakiwa, anajikwaa kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua. Kwenye mechi ya kwanza ya msimu aliangushwa mara mbili. Lakini kichwa chake kilikuwa kinatazama mbele. Nilirudisha nyuma tena na tena nikiangalia hilo tu.

Hakuna anayejua kama watamteua. Wanaoandika mtandaoni wamemshusha, wengine wameacha kabisa kumtaja. Mama mdogo amerudi kuniuliza kama watamchukua, na mimi namjibu sijui, naye anasema basi kunywa chai.

Anacheza kulia sasa. Mimi bado naangalia kila mechi asubuhi kabla ya kufungua duka, na bado nakosa hamu ya kula. Lakini maelezo ninayomtumia yamekuwa mafupi, na kabla ya kumwandikia nilichokiona, namuuliza kwanza yeye aliona nini.